Miaka Yangu ya Kuchunga Mabegi Dodoma

Neema na Shija, matroni wenzangu wapendwa,

Mmeniomba niwaandikie namna ya kuwapeleka watoto Dodoma kuona Bunge na kuwarudisha wote bila kupoteza hata mmoja. Nimekaa hapa sokoni Mkuyuni nyuma ya meza ya dagaa ya mama, daftari liko juu ya goti, na nimeona siwezi kuandika hiyo namna bila kuandika na mengine. Kwa hiyo vumilieni. Mteja akija naacha, akiondoka naendelea. Mkisikia harufu ya dagaa kwenye karatasi, msishangae.

Siku ya kuniaga mkuu wa shule aliniita "mstaafu wetu", nyie mkacheka mpaka soda ikawatoka puani. Mstaafu wa miaka thelathini na minane! Lakini nimelipenda hilo jina. Mama amechoka, beseni la dagaa halibebi tena, na mimi ndiye mtoto niliyebaki karibu, basi nimestaafu. Habari za mshahara sitawaambia, mnaujua. Vyeo navyo sina cha kusema, maana matroni huanza matroni na humaliza matroni. Kwa miaka kumi na minne kilichoongezeka kwangu ni funguo.

Nianze siku ya kwanza. Nilivuka na kivuko kutoka Kigongo kwenda Busisi, nimevaa viatu vya kuazima, nina begi moja. Bodaboda akanishusha mlangoni pa bweni la wasichana. Pale nikamkuta Mama Holo, matroni mkuu, amesimama na rundo la funguo kiunoni. Alikuwa mwembamba, lakini akisema neno unalisikia mpaka jikoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye matroni mpya?"

"Ndiyo, mama. Naitwa Minza."

"Umesoma mpaka wapi, Minza?"

"Fomu foo."

"Ukapata nini?"

Nikaangalia viatu vya kuazima. "Ziro, mama."

"Vizuri," akasema. "Mwenye ziro hajifanyi mwalimu. Mwenzio aliyeondoka alikuwa anawafundisha watoto kemia usiku, yeye mwenyewe haijui. Shika hizi."

Akanipa funguo mbili, ya stoo ya magodoro na ya choo cha wagonjwa. Nilijiona kama nimekabidhiwa wilaya.

Sasa niwaambie jambo ambalo Mama Holo sikumwambia siku ile, kwa sababu angenirudisha kwenye kivuko. Mimi tangu utoto nilitaka kuwa mbunge. Msicheke. Mama alikuwa anaanika dagaa hapa ufukweni, na kazi yangu ilikuwa kufukuza ndege na kuwageuza dagaa jua likiwa kali. Nikiwa peke yangu nasimama mbele yao, wamelala safu kwa safu, wote macho wazi, wananisikiliza vizuri kuliko watu. Nasema, "Waheshimiwa, barabara yetu mbovu!" Mama akipita na beseni anasema, "Mheshimiwa, waheshimiwa wako wanaungua upande mmoja." Nageuza. Baadaye zikaja zile ziro, nikajua sitakuwa mbunge. Lakini kulitamani Bunge sikuacha. Nilitaka tu siku moja niingie, nikae pale juu wanapokaa wageni, nione kwa macho yangu.

Kwa hiyo niliposikia kwamba kidato cha tatu huwa wanapelekwa Dodoma kwa somo la uraia, na matroni mmoja au wawili huenda nao, nilikaa wiki nzima sina usingizi.

Basi andikeni haya ya safari, haya ndiyo mliyoyataka.

Usiku wa kabla ya safari wapishi wasipike maharage. Nasema kwa uchungu wa miaka. Asubuhi wasinywe maziwa, wapeni uji mwepesi na kipande cha kiazi. Beba ndoo tatu, kila moja na majivu kidogo chini, na mfuniko unaobana. Limau linanuswa, halinyonywi. Mtoto akilinyonya tumbo tupu utamwona Shinyanga. Wanaotapika wakae mbele, wanaojifanya hawatapiki wakae nyuma yao, maana hao ndio watakaotapika. Beba khanga mbili zako ambazo huzipendi sana. Beba sindano, wembe, na uzi wa bluu.

Uzi wa bluu nitaueleza. Wale watoto wanakua. Sketi aliyoshonewa Januari ikiwa chini ya goti, mpaka safari inafika imepanda, na pale getini mavazi yanaangaliwa. Mwaka wangu wa kwanza, tukiwa tumeshapita Igunga, Mama Holo alisimama katikati ya basi akasema, "Wasichana wote simameni." Akapita anawatazama magoti. Akawatoa saba. Akafumua mapindo kwa wembe, basi linaruka mashimo yale, mkono hautikisiki, kisha tukakaa mimi na yeye tunashona upya, pindo jembamba la mwisho kabisa wa kitambaa. Nilijichoma vidole mpaka nikakoma kusema "aii". Tangu hapo mimi hushusha mapindo siku tatu kabla, bwenini, nimekaa kitako kama binadamu. Nanyi fanyeni hivyo.

Kuhesabu. Hesabu kwa kugusa bega, msihesabu kwa macho. Macho huhesabu anayekaa vizuri mara mbili na aliyeinama hayamhesabu. Hesabu Usagara, hesabu Tinde, hesabu kila mahali basi lilipozimwa. Safari ile ya kwanza watoto walikuwa thelathini na wanane. Tukasimama Singida watu wakajisaidia, tukapanda, nikahesabu nikapata thelathini na tisa. Nikahesabu tena, thelathini na tisa. Nikamzuia dereva, Sefu, asiwashe gari.

"Matroni, watu hulia kwa kupungukiwa," Sefu akasema. "Wewe umeongezewa na bado unalia?"

"Kuna mtoto wa watu humu ndani! Tutaitwa wezi wa watoto!"

Mama Holo akasimama, akahesabu polepole, akafika kwangu akasimama. Nilikuwa naanza na bega langu mwenyewe. Basi zima likacheka, na mimi nikacheka mpaka nikakaa. Yeye hakucheka. Akaninong'oneza tu, "Matroni hajihesabu, mwanangu."

Tukafika Dodoma. Upepo wake mnaujua kwa kusimuliwa, unakuja na vumbi lake kabisa kama mgeni mwenye mizigo. Asubuhi yake watoto wakavaa, nikawapaka mafuta miguuni, tukaenda. Tulipokaribia geti Mama Holo akaanza kukusanya mabegi, simu za walimu, chupa za maji, vyote akavirundika kwenye viti vya mbele ya basi. Nikamsaidia. Kisha watoto wakapanga mstari na walimu watatu, wakaondoka, na mimi nikashuka niwafuate.

"Minza, unaenda wapi?"

"Ndani, mama."

"Jina lako lipo?"

Ndipo nikaelewa. Majina hutumwa mbele, na nafasi tulizopewa zilikuwa za wanafunzi thelathini na wanane na walimu watatu. Mizigo haiingii, na mizigo haijilindi.

"Sisi tunabaki na mabegi," Mama Holo akasema, tayari ameshakaa kwenye ngazi ya basi anamenya chungwa.

"Na wewe hujawahi kuingia, mama? Miaka yote?"

"Ndani kuna nini? Watu wanazungumza. Hata hapa tunazungumza. Kula chungwa."

Nilikula. Sijawahi kula chungwa gumu kumeza kama lile.

Sasa Sefu alikuwa na redio kwenye gari, akawasha, na Bunge likaja mle ndani ya basi, maswali na majibu, wizara hii na wizara ile. Baada ya maswali, yule anayeongoza kikao akaanza kutambulisha wageni. Mnaujua utaratibu: anawataja, wanasimama kule juu walipo, wabunge wanawagongea meza kuwakaribisha. Akataja hawa, akataja wale, kisha nikasikia jina la shule yetu. Shule yetu ya Busisi, yenye bweni linalovuja! "Wanafunzi thelathini na wanane na walimu watatu, wasimame pale walipo." Meza zikagongwa. Na mimi, jamani, nilikuwa nimesimama. Sikuamua. Nilijikuta wima katikati ya mabegi, nimeshika kiti, nimenyooka kama nimepigiwa wimbo wa taifa.

"Kaa chini, Matroni," Sefu akasema. "Hawakuoni."

Hiyo ikawa desturi yangu. Mama Holo alistaafu kweli, uzee wa haki, akarudi kwao Misungwi, nikabaki na rundo lote la funguo. Safari nyingine tulikwenda, nyingine fedha za wazazi hazikutimia tukabaki. Mara tisa nilikwenda Dodoma. Mara tisa nilibaki na mabegi, na kila tulipotajwa redioni nilisimama ndani ya basi. Sefu aliacha kuniambia nikae. Miaka ya mwisho alikuwa anaongeza sauti tu.

Nikabuni na ushuru. Watoto wakitoka ndani wanakuja mbio kutaka mabegi, na mimi nasimama mlangoni. "Begi halitoki mpaka unipe kitu kimoja ulichokiona. Na usirudie cha mwenzio."

"Matroni, mle ndani kuna baridi kama ndani ya friji!"

"Kimesemwa. Kingine."

"Kuna fimbo kubwa inang'aa, inabebwa na mtu, wote wanasimama."

"Hiyo ni siwa. Chukua begi."

"Kuna mbunge kapiga miayo kama sisi kwenye hesabu."

"Chukua begi, usimwambie mwalimu."

"Zulia, Matroni! Ukitembea husikii miguu yako. Nilidhani nimekufa."

Huyo nilimpa begi na pipi juu. Hivyo ndivyo nilivyolijenga Bunge langu, kitu kimoja kimoja, mara tisa kwa watoto thelathini na kitu. Rangi ya viti hawakukubaliana hata siku moja. Usiku bwenini nikifunga milango nilikuwa natembea mle ndani kichwani, nashuka ngazi, nakanyaga zulia, nakaa. Nilijua mahali pa kila kitu. Mahali pangu tu ndipo sikupajua.

Mwalimu Lukas mnamjua, yule wa uraia, mwenye suruali zilizopigwa pasi mpaka zinakata. Yeye ndiye aliyeongoza safari zote. Mwaka huu nilipompa taarifa kwamba ninaacha kazi, alinyoosha mkunjo wa suruali, akasema, "Sefu aliwahi kuniambia kitu."

"Kitu gani?"

"Kwamba ukisikia shule yetu redioni unasimama."

Nikatamani ardhi ipasuke. "Sefu ana mdomo."

"Mimi nimeingia mle mara tisa, Matroni. Najua hata taa gani inakonyeza. Orodha haijatumwa. Nitaandika jina lako badala ya langu, na mimi nitakaa na mabegi."

"Mwalimu, watasema nini walimu wenzio?"

"Watasema Lukas hajui kunusisha watoto limau. Ni kweli. Utanifundisha."

Nilimshukuru mpaka akakimbia. Kisha nikapiga simu Mkuyuni. Mama akapiga kigelegele kwenye simu, sikio likaziba. Nilimwambia nitaonekana kwenye televisheni: wageni wakitajwa watasimama, na mimi nitasimama, aangalie juu. Hilo ndilo lililokuwa kosa langu, kumwambia mama. Mama hana siri. Mpaka jioni safu yote ya wauza dagaa ilijua, na fundi simu mwenye televisheni alishaambiwa siku hiyo asiweke mpira.

Tulipoondoka tulipita juu ya daraja. Nyie mmelikuta daraja, mnaona ni barabara tu. Mimi niliwahi kukaa pale Busisi kwa saa tatu nasubiri kivuko na watoto wenye njaa, na bado siku ile nilitazama chini majini nikatafuta kile kivuko kama mtu anayetafuta shati lake la zamani. Zamani tulikuwa tunashuka, tunanunua mahindi ya kuchoma, tunaimba, ziwa linatupeleka taratibu. Siku hizi mtoto hajamaliza kusema "ona!" mmeshafika ng'ambo.

Usagara mama alikuwa amesimama njia panda, kama kila safari, na kikapu cha malimau kwa ajili ya watoto. Safari hii alikuwa amevaa kitenge chake cha Pasaka. Akapenyeza kikapu dirishani.

"Usivae hicho kitambaa cha kichwa," akasema. "Kinakuficha uso."

"Nitakivua, mama."

"Na ukisimama usicheke. Unacheka sana. Simama kama mtu."

"Sawa, mama."

"Watu wote wa sokoni watakuwepo," akasema, na akashika mkono wangu dirishani mpaka Sefu akaanza kuondoa gari taratibu.

Kwa hiyo mnaona. Kuingia peke yake kulikuwa ndoto yangu. Kusimama kulikuwa tayari si kwangu peke yangu.

Getini jina langu lilikuwepo. Askari alilisoma, akaangalia kitambulisho, akasema, "Karibu, mwalimu." Nikafungua mdomo nimsahihishe, Leticia akanisukuma mgongoni. Leticia ni yule mwanafunzi mrefu wa kidato cha tatu anayelia akikosa barua za nyumbani. Nikageuka kumwangalia Mwalimu Lukas. Alikuwa amekaa kwenye ngazi ya basi juani, kivuli kimeshahama, mabegi thelathini na manane nyuma yake, leso kichwani, suruali ile iliyopigwa pasi imejikunja magotini. Akanipungia mkono.

Ndani sitawaeleza sana. Zulia ni kweli. Baridi ni kweli. Rangi ya viti siwaambii, nendeni mkaone. Nilipokaa pale juu niliikalia mikono yangu isiguse kitu. Chini yangu ukumbi ulikuwa mdogo kuliko ule niliojenga mimi, na ulikuwa wa kweli, na sauti ile niliyoisikia redioni miaka yote ilikuwa inatoka kwenye mdomo wa mtu mwenye miwani. Nilijikuta nasikitikia kidogo lile Bunge langu la kichwani. Nilijua sitaweza kulirudia tena.

Kisha maswali yakaisha. Wageni wakaanza kutajwa. Leticia alikuwa kushoto kwangu, akanishika kiwiko. Wakatajwa wa kwanza, wa pili. Kisha: jina la shule yetu, "wanafunzi thelathini na wanane na walimu watatu, wasimame pale walipo."

Watoto wakasimama. Walimu wawili wakasimama. Mimi nikanyanyuka nusu, makalio yameshaachana na kiti.

Walimu watatu. Wa tatu yuko nje kwenye jua, amejifunga leso kichwani. Ndivyo ilivyonijia, hivyo hivyo, kwa maneno hayo. Nimekalia kiti chake, ni sawa, kiti amenipa. Lakini pale waliitwa walimu, na ile heshima ya kugongewa meza ilikuwa ya mtu aliyefundisha uraia mara zote hizo mpaka watoto wakajua siwa ni nini. Mimi sijafundisha hata sentensi. Nikirudi nyuma sasa naona ningeweza kusimama na dunia isingeharibika. Lakini pale sikuona hivyo. Nikakaa.

"Matroni!" Leticia akainama, ananong'ona kwa nguvu. "Matroni, simama!"

"Angalia mbele, mtoto."

"Wanatugongea meza!"

"Wanawagongea nyie. Angalia mbele."

Hakuangalia mbele. Akawa ananitazama mimi, na mimi nikamtazama yeye, na kwa sababu nilikuwa nataka kulia nikacheka, akacheka na yeye. Kisha ikasemwa karibuni sana, wakakaa, likaja jambo lingine. Kitu nilichokisubiri tangu enzi za kufukuza ndege hapa ufukweni hakikuchukua muda wa kumenya kiazi.

Tulipotoka Mwalimu Lukas alikuwa amesimama mlangoni mwa basi, uso mzima umeiva kwa furaha na jua.

"Tumesikia redioni! Umesimama?"

Ningeweza kumdanganya. "Hapana, Mwalimu."

"Hapana vipi?"

"Walisema walimu watatu. Nikaona wa tatu ni wewe."

Alinitazama. Mara ya kwanza nimwone amekasirika. "Minza, mimi nimekaa juani kwa saa mbili ili wewe usimame! Sasa hakusimama hata mmoja! Kiti chetu kimesimamiwa na nani?"

Sefu akatoa kichwa dirishani. "Na mimi nimesimama humu ndani, nikijua wewe umesimama kule, tuwe wawili. Nikagonga na kichwa."

Watoto wakacheka, Mwalimu Lukas hakucheka. Aliingia ndani ya basi akakaa mwisho kabisa. Tulipofika Manyoni ndipo akanipitishia zabibu alizonunua, nikajua amenisamehe kwa sehemu.

Lakini mama nilikuwa sijampigia. Simu ilikuwa mkononi, inalia, natazama jina lake. Nilikuwa naona safu nzima ya sokoni imejaa mbele ya ile televisheni, kitenge cha Pasaka katikati, na mimi sipo. Ilipolia mara ya nne nikapokea.

"Mama, nisamehe. Mimi..."

"Tumekuona!" akasema.

"Mama, sikusimama."

"Najua hukusimama, mimi si kipofu. Watu walianza kuniuliza hapa, yuko wapi, yuko wapi, fundi simu anasema labda ni huyo mwenye tai. Mimi nikaangalia. Watoto wote wameangalia mbele, mmoja tu, mrefu, kainamisha shingo kuna mtu anamtazama chini, anacheka naye. Nikawaambia: yule anayechekewa pale chini, ambaye haonekani, ndiye wangu."

"Wakasema nini?"

"Wakapiga makofi. Wangefanya nini?" Kisha akaniuliza kama nimekula.

Ndiyo hiyo. Sasa nipo hapa, na siwafichi, natamani kurudi. Natamani harufu ya bweni asubuhi, mafuta ya nazi na sabuni ya kipande. Natamani kugusa bega moja moja. Asubuhi mama akiwa bado amelala mimi nawageuza dagaa peke yangu, na siwahutubii tena, nawageuza tu. Vikao vikianza, saa tatu ile, naacha meza naenda kusimama mlangoni kwa fundi simu mpaka wageni waishe kutajwa. Shule za watu wengine zinasimama, zinakaa, narudi kazini.

Mwalimu Lukas ameniahidi kwamba kuanzia sasa ile nafasi itakuwa ya zamu: safari ijayo mmoja wenu, inayofuata mwingine, na yeye atakaa na mabegi. Limau ameshajua. Mkifika pale juu na shule ikatajwa, msifikirie kama nilivyofikiria mimi. Simameni. Mama yangu aliposema pale chini kuna mtu, sokoni walimwamini kwa sababu ni mama. Mimi nikiwaambia hapa kwa fundi simu kwamba mpo ila mmekaa, watasema naota.